Mama Popi na faili la Rehani

Msomaji mpendwa, umewahi kuandika wasifu wa marehemu, ukausoma mbele ya jeneza watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kisha wiki tatu baadaye ukatamani waombolezaji waitwe tena uusome upya? Mimi yalinipata hayo. Kwa kuwa katika ukoo wetu ndimi niliyesomea uandishi wa habari, shangazi yangu alipoaga dunia Agosti 2023 wazee hawakupoteza wakati. "Kalamu ndiyo jembe lako," waliniambia, "basi lima."

Nikalima ukurasa mmoja. Nikasema alizaliwa 1958 kwetu Kangundo, akasoma hadi kidato cha nne, akafanya kazi katika afisi ya mawakili jijini Nairobi kwa miaka 41, hakuolewa, hakujaliwa mtoto, alikuwa mwadilifu na alipenda mbwa. Hapo kwenye mbwa watu walicheka kidogo, jambo ambalo huwa zuri matangani, nami nikaketi nikijiona mwandishi.

Hakuna uongo hata mmoja katika ukurasa ule. Lakini shangazi mwenyewe hayumo. Ndiyo maana leo ninakuandikia wewe ambaye hukumjua.

Nianze na kazi yake, kwa sababu ni watu wachache wanaoijua. Mtu akinunua ploti hufikiri kazi yote imefanywa na wakili. Kweli, wakili ndiye anayetia sahihi na ndiye anayelipwa pesa nyingi. Lakini kabla ya sahihi ile kuna mtu ambaye amekwenda Ardhi House asubuhi na faili kwapani, akatoka huko akateremka hadi City Hall kuuliza habari za kodi, akarudi afisini, akagundua karatasi moja imekosa muhuri, akashika njia tena. Mtu huyo ndiye karani wa mambo ya ardhi. Jina lake halionekani popote kwenye hati yako. Shangazi alikuwa karani wa namna hiyo.

Hakuanza hivyo. Alikuja Nairobi 1979 akaajiriwa kupiga taipu, zama zile za karatasi ya kaboni, ukikosea herufi moja unakosea mara tatu. Siku moja aliletewa mkataba wa kuuza shamba aupige upya. Akaona nambari ya shamba kwenye mkataba si ile iliyo kwenye hati. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Angeweza kunyamaza na kupiga alichopewa, maana mpiga taipu haulizwi maoni. Yeye aliinuka akabisha mlango wa wakili. Mwaka uliofuata akahamishiwa meza ya ardhi, na hapo akakaa hadi alipostaafu 2020.

Nikiwa mwanafunzi wa chuo nilikuwa nikipita afisini mwao kuomba nauli (usinicheke, hata wewe ulikuwa na shangazi wako). Kabla ya nauli kulikuwa na somo. Siku moja alinipa hati ya kumiliki shamba, akaniuliza, "Hii inakuambia nini?" Nikajibu kwa haraka kwamba inaniambia mwenye shamba ni nani. Akatikisa kichwa. "La. Inakuambia mwenye shamba alikuwa nani siku ilipoandikwa. Hati ni kama picha ya kitambulisho, mwanangu. Mtu anaweza kuwa na ndevu kwenye picha na leo hana. Anaweza hata kuwa amekufa. Ukitaka kujua habari za leo, nenda ukaulize kwenye sajili."

Kuuliza kwenye sajili ndiko makarani wanakokuita kufanya sachi. Unalipa ada, unatoa nambari ya shamba, na msajili anakujibu kwa maandishi: shamba ni la nani, ukubwa wake ni kiasi gani, limewekwa rehani au la, kuna mtu aliyeweka kaveti kuzuia lisiuzwe au hakuna. Ikiwa ni ardhi ya kukodishwa na serikali, unaangalia imesalia miaka mingapi. Ikiwa ni shamba la kilimo, lazima Bodi ya Ardhi ya eneo hilo ikubali mauzo, na ombi lipelekwe kabla miezi sita haijapita tangu mkataba utiwe sahihi. Bila idhini ile mkataba wako haufai hata kufungia sukari. Hayo yote shangazi aliyajua kama wengine wanavyojua nyimbo za kanisa.

Lakini kwake karatasi hazikutosha. Jumamosi, mteja akikubali, alipanda nyuma ya pikapu ya soroveya akaenda kuliona shamba lenyewe, Ruai, Juja au Ngong, na mara nyingi alikwenda na mbwa. Wakubwa wake walidhani ni mbwa wa ulinzi. Siri yake aliniambia baadaye. Mgeni akifika kijijini na soroveya, watu wazima hufunga midomo. Mgeni akifika na mbwa mpole, watoto huja mbio kumtazama, na watoto hawajui kuficha. "Hapa juzi alikuja mzee mwingine kupima," mmoja atasema huku akimkuna mbwa masikio. "Na kabla yake alikuja mama mwenye gari jekundu." Basi shangazi anajua shamba lile lina wanunuzi watatu, na mteja wake anarudi nyumbani na pesa zake.

Nyumba za Syokimau zilipobomolewa Novemba 2011, nilikwenda kumtembelea jioni nikitarajia maneno mengi. Wewe unakumbuka picha zile: watu na hati mikononi, matingatinga nyuma yao. Nilimkuta kimya, mbwa miguuni, chai imepoa. Baada ya muda mrefu alisema, "Karatasi wanazo. Swali ni karatasi yenyewe ilizaliwa wapi." Hakusema zaidi, wala hakumcheka yeyote, maana alijua jinsi mtu anavyoshika akiba ya miaka kumi na tano mkononi na kuambiwa lipa leo au ploti inachukuliwa na mwingine.

Sasa nije kwa mbwa.

Wa kwanza alikuwa Popi, jike mdogo mweupe, ambaye shangazi alimwokota 1986 kwenye mtaro karibu na soko la Kangemi. Alimpeleka nyumbani kwenye kiondo, chini ya sukuma wiki, kwa sababu makanga hakubali mbwa kwenye matatu. Kwa desturi yetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Shangazi hakuwa na mtoto, na majirani wakaona hiyo ni nafasi ya kumchoma: wakamwita Mama Popi. Walitarajia aone haya. Alipoitwa mara ya kwanza aliitikia "Naam" bila kugeuza uso, na kuanzia siku hiyo jina likawa lake. Mpaka anakufa kuna watu Kangemi ambao hawakujua kabisa jina alilobatizwa.

Baada ya Popi walikuja wengine, na majina aliyatoa kazini. Kulikuwa na Kaveti, dume jeusi lenye tabia ya kulala kizingitini. Wewe unataka kuingia, yeye anakutazama tu, haondoki. Kulikuwa na Rehani, ambaye nitamrudia. Wa mwisho aliitwa Risiti, mdogo wa rangi ya kahawia, kwa sababu alimpata siku aliyokuwa amepoteza risiti ya ushuru wa stempu na kuitafuta mfukoni mwote. Akainama kuangalia chini ya benchi, akamwona yeye.

Mbwa hao hawakuwa wa mapambo. Walikula ugali na omena, na mwisho wa mwezi matumbo kutoka buchani. Na kila mmoja alikuwa na faili. Naam, faili! La boksi, lenye jina ubavuni, limepangwa kwenye rafu kama zile za afisini. Ndani mlikuwa na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mwaka kwa mwaka, na barua za daktari wa mifugo wa Kabete. Alikuwa na msemo wa wahenga aliopenda: mali bila daftari hupotea bila habari. Baba yangu alimjibu siku moja, "Tangu lini mbwa akawa mali?" Ndugu hao wawili walipendana kwa kubishana.

Faili hizo hazikuwa mchezo. Mwaka 1993 mtoto wa jirani aliumwa mguuni na mbwa koko asiyejulikana atokako. Mama wa mtoto alikuwa kazini. Majirani walikuja na ushauri wao: mmoja alitaka kupaka mafuta ya taa, mwingine alitaka manyoya ya mbwa aliyeuma yachomwe. Shangazi alimbeba mtoto hadi kwenye mfereji, akaosha kidonda kwa kipande cha sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa saa yake, mtoto akilia na watu wakimwona mkatili. Kisha akampeleka hospitalini akachomwe sindano, na akahakikisha anarudi kwa zote zilizosalia. Ndivyo daktari wa Kabete alivyokuwa amemfundisha, na ndivyo madaktari wanavyosema hata leo: sabuni na maji kwanza, kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali bila kungoja dalili, kwa sababu ugonjwa ule ukishaonyesha dalili hauna tiba.

Mtoto alipona. Yeye, je, alishukuriwa? Mwenye nyumba alikuja Jumapili kusema mbwa wa ploti nzima ni wake na lawama ni zake. Shangazi akamtolea kadi za chanjo, moja moja, akaziweka mezani. Mzee yule alizitazama kama mtu anayetazama barua ya lugha asiyoijua, akasema, "Mbwa au nyumba." Mwisho wa mwezi shangazi alikodi mkokoteni. Hiyo ilikuwa mara ya pili kuhama kwa ajili ya mbwa. Kangemi, Uthiru, Kinoo. Ukihesabu vizuri aliishi katika nyumba saba, zote za kukodi.

Hapo ndipo sisi watoto wa kakake tulipopata kitendawili cha kumkejeli nacho. Mtu aliyeandaa hati za mashamba ya watu wasiohesabika, yeye mwenyewe hana hata ploti ya futi hamsini kwa mia? Akiwa na mshahara, bila karo ya kulipa? Tulisema pesa zake zililiwa na mbwa. Nililisema mimi pia, msomaji, na si mara moja. Yeye alikuwa akijibu, "Mnunuzi mzuri hana haraka," akaongeza chai.

Mwaka 1998 baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alipata wazo la matatu. Bei ya kahawa ilikuwa imemvunja moyo, mshahara wa mwalimu unaujua, na rafiki yake alikuwa na gari lililotembea barabara ya Tala likimletea pesa kila jioni. Akaamua kuweka shamba rehani benki apate mkopo. Ni ekari nne alizorithi kutoka kwa babu, na babu amezikwa humo. Katika mgao ule dada yake hakupewa kitu, wala hakudai. Hati ilikuwa kwa jina la baba peke yake.

Akamwendea dada yake amtengenezee karatasi. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nimeketi mlangoni na Kaveti, na mazungumzo yale niliyasikia yote. Shangazi alisema atafanya kwa sharti moja: mama yangu aje Nairobi, aketi, asomewe kila kifungu, na akubali mwenyewe. Baba akasema sheria haidai hivyo. Na kweli wakati ule haikudai. Sheria inayotaka mke au mume atie sahihi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani ilikuja 2012. Shangazi akasema, "Ninajua sheria inavyosema, kaka. Ninakuambia ninavyosema mimi." Baba akasimama. "Wewe ni dada yangu au dada ya mke wangu?" Akatoka, akaniita, tukaondoka bila kula.

Karatasi alitengenezewa kwingine. Kwenye Bodi ya Ardhi alikwenda peke yake na hakuna aliyemuuliza mkewe yuko wapi. Gari lilinunuliwa, likafanya kazi miezi minane, likaanguka mtoni. Riba za miaka ile zilikuwa za kukata na shoka, deni likazaa wajukuu. Sisi watoto tulichokiona ni baba kuacha kunyoa ndevu. Kisha, katikati ya 2001, dhiki ile ikaondoka kama ilivyokuja. Tuliambiwa benki imeelewana naye. Tukarudi kula nyama Krismasi, na mtoto haulizi nyama imetoka wapi.

Mwaka huohuo shangazi alileta mbwa mpya, jike mwenye doa jeusi jichoni, akamwita Rehani. Tulipomuuliza kwa nini jina hilo alisema, "Kwa sababu nimemkomboa." Tukacheka. Tulidhani amemkomboa kwa mtu aliyekuwa akimpiga.

Miaka iliyofuata nitaipita mbio, kwa sababu ilikuwa miaka ya kazi na kazi. Ila kisa kimoja lazima nikueleze. Mei 2014 aliyekuwa Waziri wa Ardhi, Charity Ngilu, alipofunga sajili ya Nairobi kwa siku kumi ili faili zipangwe, makarani wa jiji zima walibaki wamekaa kama samaki nje ya maji. Nilimpigia simu shangazi kumpa pole. Alikuwa akiwaogesha mbwa. "Wamefunga wapange faili?" alisema. "Wangenialika." Na Aprili 2021 serikali ilipozindua Ardhisasa, sachi ya Nairobi ikawa inafanywa kwenye kompyuta, alikuwa amekwisha kustaafu, ana miaka 63. Hata hivyo alinitaka nimwonyeshe kwenye simu yangu. Alivaa miwani, akaandika nambari ya kitambulisho kwa kidole kimoja, akasoma kila neno kwenye kioo hadi betri ikaisha. Aliporudisha simu alisema miguu yake ingependa kujua habari hii mapema.

Kiharusi kilimpata Julai 2023, akakaa kitandani wiki tatu. Hakuweza kusema vizuri. Neno ambalo wauguzi walisema analirudiarudia ni "Risiti", nao wakadhani ana wasiwasi wa bili. Tuliwaambia ni mbwa.

Tulimzika Kangundo, kwenye shamba la kakake, kwa sababu mwanamke asiyeolewa hurudishwa kwao. Walikuja mawakili wawili waliozeeka, matarishi wa afisi mbalimbali waliokuwa wakikutana naye kwenye foleni kwa miaka mingi, na daktari wa mifugo kutoka Kabete ambaye alilia kuliko jamaa. Mimi nikasoma ukurasa wangu.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Kinoo kuondoa vitu vyake kwenye nyumba. Risiti alikuwa analishwa na jirani, mama mwenye kibanda cha mboga, ambaye alinieleza kwa upole kwamba hawezi kuendelea. Daktari alikuwa ameahidi kumtafutia makao, akaniomba niende na kadi yake ya chanjo. Basi nikaiendea rafu ya mafaili. La Risiti nililiona upesi. Lakini kalamu ya mtu ina udadisi, nikaanza kufungua na mengine: Popi, kadi za karatasi ngumu zilizogeuka manjano, Kaveti, kisha Rehani.

Faili la Rehani lilikuwa zito kuliko ya wenzake. Kadi za mbwa zilikuwa juu. Chini yake kulikuwa na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na kipande cha gazeti: tangazo la mnada, na kati ya mashamba yaliyotangazwa moja limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nambari ile niliijua. Kila mtoto wa nyumba yetu anaijua, maana babu alitukaririsha. Nyuma ya tangazo palikuwa na nakala ya notisi ya siku 45. Nyuma ya notisi, barua ya chama cha akiba na mikopo ikimjulisha shangazi kwamba akiba yake yote imetolewa kama alivyoomba. Kisha stakabadhi ya benki ya Sh286,400, jina la mwenye deni ni baba, aliyelipa ni shangazi. Kisha hati ya kuondoa rehani. Na mwisho kabisa, jibu la sachi kutoka sajili ya Machakos, la 2002, likionyesha wenye shamba ni wawili: baba yangu na mama yangu.

Niliketi sakafuni. Risiti akaja akalala juu ya bahasha.

Barua ile ya chama ilikuwa na jambo jingine. Ilitaja kusudi la akiba kama alivyolijaza mwenyewe alipojiunga 1987: kununua ploti.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la Kangundo, faili kwenye mkoba na Risiti kwenye kiondo, sukuma wiki juu yake. Nilimkuta mzee chini ya mwembe. Nikamwekea bahasha magotini bila kusema kitu. Alizitoa karatasi moja moja kwa mpangilio, akazisoma kama mwalimu anayesahihisha, ingawa nilijua anazijua. Kisha akavua miwani.

"Alinikataza kusema," alisema.

Nikangoja.

"Na mimi nilifurahi kukatazwa."

Msomaji, baba yangu sasa ana zaidi ya miaka sabini na sijawahi kumsikia akisema neno lililomgharimu kama lile. Aliniambia dada yake aliliona tangazo gazetini asubuhi akiwa kazini, akaomba ruhusa, akaja Kangundo siku ileile. Hakumkumbusha ya 1998. Alisema atalipa, kwa sharti moja, na sharti lilikuwa lilelile la kwanza kwa namna nyingine: jina la mama liingizwe kwenye sajili. "Nilitaka kukataa," baba alisema. "Nikaangalia kaburi la mzee wetu, nikashindwa."

Mama alitoka jikoni akatukuta na karatasi. Habari za pesa hakuzijua hata kidogo. Siku ya Bodi alizikumbuka. Alikuwa ameambiwa ni utaratibu mpya wa serikali. "Wifi alikuja na viatu vyake, akaninyima kwenda na malapa," alisema. "Alisema mwanamke haendi kuandikishwa shamba lake na malapa. Vilinibana hadi jioni." Akaenda chumbani, akarudi navyo: viatu vyeusi vya ngozi vya kisigino kifupi, vimepakwa rangi, vimefungwa kwenye mfuko. Hakuwahi kurudishiwa mwenyewe kwa sababu mwenyewe alivikataa.

Tulikaa hivyo hadi jua likaanza kuteremka. Kaburi jipya liko upande wa kahawa, hatua chache kutoka kwa babu, na udongo wake ulikuwa haujaota nyasi. Risiti alikuwa amekwisha kushuka kwenye kiondo. Alinusa mwembe, akanusa viatu vya mama, akaenda akalala kizingitini, kichwa juu ya miguu ya mbele.

Kwetu mbwa hakuwahi kuruhusiwa karibu na mlango. Nilipokuwa mtoto baba aliwafukuza kwa fimbo hata wa majirani. Nikainuka nimtoe, nikieleza kwamba Jumatatu nampeleka Kabete, daktari amempatia makao, kadi ya chanjo ninayo.

"Mwache," baba alisema. Alivaa miwani tena, akanyosha mkono. "Nipe hiyo kadi." Akaisoma mbele na nyuma, akaangalia tarehe ya chanjo ijayo, akaitia kwenye mfuko wa shati alimokuwa akitia kalamu zake za shule.

"Huyu anakula nini?" aliuliza.